Fundi Aliyeipamba Mara Mbili

Mtaa wetu wa Katwe ulijaa mafundi. Wa masufuria, wa majiko, wa malango ya chuma, wa betri, wa baiskeli. Hata hivyo mtu akisema "Fundi" bila kuongeza neno, sote tulijua anamtaja nani. Alikuwa jirani yangu wa karakana kwa miaka mingi ya utawala ule wa kijeshi, ukuta mmoja wa mabati ukitutenga, na mpaka leo siwezi kusema alizaliwa wapi hasa wala baba yake alikuwa nani. Alitoka kaskazini; hilo lilisikika kinywani mwake. Aliwahi kuajiriwa kwenye gereji ya polisi, upande wa pikipiki, kabla wanajeshi hawajaishika nchi. Hilo nililisikia kwa wengine. Yeye mwenyewe hakusimulia. Watu wa kaskazini waliovaa sare wakati wa serikali iliyotangulia walikuwa na sababu ya kukaa kimya, na wengi wa wenzake hawakupewa hata nafasi hiyo.

Mimi nilishona viti. Marehemu baba, ambaye wazee wake walipanda bara kutoka pwani kufanya biashara wakaishia hapa, aliniachia cherehani nzito ya kushonea turubai na ngozi. Hakukuwa na ndugu wa kiume aliyeitaka, nikaishika mimi. Nilishona viti vya magari, vya malori, na zaidi vya pikipiki, kwa sababu ya jirani huyu. Yeye alishughulika na chuma, mimi nikatengeneza mahali pa kukalia. Aliniita Mama Zuhura, kwa jina la binti yangu. Kiswahili chake kilikuwa cha polisi, kifupi na kikavu, na changu alikiona kirefu mno. "Wewe ukisema habari ya asubuhi, jua inazama," aliniambia siku moja, na hilo ndilo nadhani lilikuwa karibu zaidi na mzaha katika maneno yake yote ninayoyakumbuka.

Alikuwa mrefu, mwembamba, mgongo umepinda kidogo kwa kuchutama. Chini ya ovaroli yake ya buluu daima kulikuwa na shati jeupe lililopigwa pasi, limefungwa vifungo mpaka kooni. Jioni akimaliza kazi alinawa mikono kwa mafuta ya taa, kisha kwa majivu, kisha kwa sabuni, halafu akachokonoa kucha kwa kijiti cha kiberiti mpaka ziwe safi kama za karani wa benki. Sabuni ilipoadimika madukani aliitafuta kwa bidii kuliko watu walivyotafuta sukari. Jumapili alikwenda misa Lubaga, na nilipomuuliza kwa nini ajisumbue namna ile, alijibu kwamba hawezi kukunja mikono mbele ya altare ikiwa inanuka grisi.

Basi mtu akisikia hivi atadhani alikuwa mpole. Hakuwa. Alifukuza wateja. Mchuuzi mmoja wa ngozi alimletea pikipiki akataka ifungwe honi yenye muziki na kuchorwa tai mwenye mabawa wazi kwenye tangi. Fundi alimsikiliza mpaka mwisho, akaisukuma ile pikipiki mwenyewe mpaka barabarani, akaiegemeza kwenye mti, akarudi kazini. Aliwatukana waliofunga waya kwa plasta. Aliwatukana waliopaka rangi kwa brashi. Matusi yake yalikuwa ya kambini, mazito, na mara nyingine ilinibidi nifunge mlango kwa sababu ya wateja wangu wanawake. Kisha, saa ile ile, ungemkuta amechuchumaa mbele ya taa ya pikipiki, ameshika waya mwembamba kwa ncha za vidole, anauambia kwa sauti ya chini: "Lala. Lala hapo."

Nyaya zilikuwa ugonjwa wake. Pikipiki nyingi zilizoingia kwake zilikuwa na nyaya zinazoning'inia kama utumbo wa mbuzi machinjioni, zimeungwaungwa na kila mtu aliyepita. Yeye hakuziunga tena. Alizitoa zote. Alitandika mkeka chini, akazipanga kwa rangi zake, akakata mpya, akazifunga pamoja kwa uzi aliopitisha kwenye nta, halafu akaziingiza ndani ya bomba la usukani, zikateremka chini ya tangi, zikafuata fremu mpaka taa ya nyuma. Alipomaliza, jicho halikuona waya hata mmoja. Nilimuuliza ni nani atakayeangalia chini ya tangi.

"Hakuna mtu," alisema. "Ndiyo maana mimi napenda."

Rangi hakuihukumu ndani ya karakana. Aliisukuma pikipiki mpaka nje, akaizungusha juani huku na huku, akasimama mbali, akasogea, akainamisha kichwa. Akiona wimbi dogo tu chini ya vanishi, alirudi na msasa mpaka kwenye chuma kitupu, hata kama mwenyewe yuko mlangoni na helmeti mkononi. Na kabla ya kumkabidhi mtu chombo chake alikipeleka kwenye mteremko wa Lubaga, akazima injini, akakiachia kishuke chenyewe, yeye amekaa juu yake kimya, anasikiliza. Watu wa pale walimzoea. Walisema yule mtu wa kaskazini anapita tena na pikipiki yake bubu.

Udhaifu wake ulikuwa picha. Mtu huyu aliyekwepa kila mkusanyiko, aliyepita kando akiona sare, alipenda kupigwa picha akiwa amesimama pembeni ya kazi yake, shati jeupe, mikono nyuma. Ndivyo alivyojuana na Salongo.

Salongo ni jina la heshima ambalo Waganda humwita baba wa mapacha, na mkewe huitwa Nalongo. Huyu wetu alikuwa mpiga picha, mwenye studio ndogo Kasubi, kwenye barabara inayokwenda makaburi ya wafalme. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, mwenye sauti kubwa, aliyewachekesha mabibi harusi mpaka wakasahau kuona haya. Wahindi walipofukuzwa nchini, mmoja wao, aliyekuwa rafiki yake, alimwachia pikipiki kubwa ya Kiamerika kwa bei ya kuagana. Ilikuwa aina ile ndefu, ya kukaa umeegemea nyuma, miguu mbele, ya safari za mbali. Ilikuwa imechakaa. Rangi yake ilikuwa kama ya maji ya kufulia, ekzosi imetoboka, na nyaya sitaki hata kusema.

Salongo aliisukuma mpaka Katwe, kwa kuwa haikuwaka, akifuatwa na kundi la watu wakicheka, na yeye akicheka nao. Akamwambia Fundi, "Nifanyie kitu ambacho nikikipanda, hata ambaye haoni vizuri ageuke."

Fundi aliizunguka ile pikipiki kwa muda mrefu. Hakusema bei. Alisema, "Acha hapa. Usije kuniuliza lini."

Sijamwona binadamu akifanya kazi namna ile. Duka la kuchovya kromu mjini lilikuwa limefungwa tangu mwenyewe afukuzwe, na askari aliyegawiwa duka hilo hakujua hata mapipa yale ni ya nini. Basi Fundi alitafuta magari yaliyoachwa, yale yaliyokuwa yakiozea nyuma ya nyumba, akanunua bampa zake, akazikata na kuzikunja taratibu kwa nyundo ya mbao mpaka zikawa madigadi na vifuniko vya pembeni. Hakuthubutu kuzichomelea, maana moto huiua kromu. Alifunga kila kipande kwa skrubu ndogo zisizoonekana. Ekzosi alitengeneza upya. Nyaya alizilaza zote ndani. Nami nikashona kiti cha ngozi nyeusi, mshono wa mistari iliyokaribiana, kazi ambayo baba angeikubali. Rangi alichagua yeye. Ilikuwa ya jambula, lile tunda dogo la zambarau linalotia watu doa mdomoni, lakini jambula lililoiva kabisa. Kivulini ungesema ni nyeusi, na juani ikafunguka.

Siku aliyoitoa nje, Katwe ilisimama. Wagonga masufuria waliacha nyundo. Salongo alikuja na kamera yake, akasahau kucheka, akasahau kila kitu. Aligusa tangi kwa mgongo wa mkono kama mtu anayepima homa ya mtoto. Kisha akampiga Fundi picha, shati jeupe, mikono nyuma, pikipiki mbele yake, na picha ile akaitundika kwenye dirisha la studio yake Kasubi, kubwa, ikaonekana kutoka barabarani.

Kwa muda fulani ilikuwa furaha. Salongo alikwenda nayo harusini, misibani, kwenye michezo ya shule. Watoto walimkimbilia. Halafu tukaanza kusikia kwamba ofisa mmoja wa jeshi, kapteni kijana, ameipenda. Alimsimamisha Salongo barabarani akataka kuinunua. Salongo, ambaye aliamini kwamba kila mtu anaweza kuchekeshwa, alimwambia kwa kicheko kwamba mtu hauzi mke wake wa pili. Nadhani waliokuwapo nao walicheka. Hilo lilikuwa kosa lake lote, kama ni kosa.

Alipotea siku ya kazi, mchana, akitoka kupiga picha za shule. Nalongo aliuliza kituo cha polisi. Aliuliza kambini. Aliambiwa kwamba mumewe amekimbilia Nairobi na pikipiki yake, na kwamba kuna mwanamke huko. Waliomwambia hivyo walimwambia kwa huruma, wakimshauri arudi nyumbani alee mapacha wake. Akarudi. Lakini hakuacha kuuliza. Kila wiki alivaa gomesi yake, lile vazi refu la heshima la wanawake wa Kiganda, akaenda kuuliza, na kila aliyemjua aliogopa kwa niaba yake.

Fundi alisikia, akasema neno moja la matusi, akaendelea na kazi. Siku hizo niliona kwamba amekonda. Hakuimwaga chai yake wala kuinywa. Aliiacha ipoe pale pale juu ya meza.

Miezi ilipita. Asubuhi moja lori la jeshi lilisimama mbele ya mabati yetu, na askari wakateremsha pikipiki kubwa iliyopakwa rangi ya kijani ya jeshi, kwa brashi, vibaya. Madigadi nayo yalipakwa. Kiti kilivikwa turubai. Baada yao alishuka kapteni mwenyewe, kijana, mrembo wa sura, ananukia marashi.

"Fundi, nasikia kazi yako ni mzuri," alisema. "Hii mashini nataka iwe nyeusi. Nyeusi kama kiatu ya paredi. Chuma yote iwake. Na waya isionekane."

"Ndiyo, afande."

"Wewe najua hii pikipiki?"

Nilikuwa mlangoni kwangu, mkasi mkononi. Fundi hakugeuka kuniangalia. "Najua aina yake, afande. Hapa kwetu zilikuja chache."

Kapteni alimtazama kwa muda, kama mtu anayesubiri neno lingine. Kisha akatabasamu, akaniona mimi, akaagiza kiti nacho kiwe kipya, akaondoka.

Fundi alikaa juu ya debe lake la mafuta lililogeuzwa, mikono magotini. Baadaye akachukua kipande cha msasa, akasugua sehemu ndogo chini ya tangi, mahali ambapo mtu hatazami. Nilimwona akipuliza vumbi. Aliniita kwa kichwa. Chini ya kijani kulikuwa na jambula. Alifungua kifuniko cha taa, akavuta nje kishada kidogo cha nyaya kilichofungwa kwa uzi wa nta, akakitazama, akakirudisha ndani na kukifunika.

Nilichukua kiti, nikaingia nacho kwangu, nikaking'oa turubai. Chini yake niliukuta mshono wangu, mstari kwa mstari, haukutatuka hata uzi mmoja. Upande wa kushoto ngozi ilikuwa imebadilika rangi na kukakamaa. Nilijua ni nini. Nilifunga mlango, nikakaa nacho kifuani nikilia bila kutoa sauti, kama tulivyojifunza sote kulia miaka ile.

Tulizungumza adhuhuri, sauti zetu zimefichwa na nyundo za majirani.

"Waya mmoja tu," nilimwambia. Sioni aibu kwamba nilisema hivyo. "Wewe unaweza. Waya mmoja ulale vibaya karibu na petroli."

Alifikiri. Niliona kwamba hakuwa akilifikiria jambo hilo kwa mara ya kwanza. "Ikiwaka, Mama Zuhura, watakuja hapa. Watachukua mimi. Sawa. Watachukua wewe. Watachukua huyu wa masufuria na huyu wa betri." Akageuza viganja vyake. "Na mimi kazi mbaya sijui kuifanya. Mkono yangu inakataa."

"Basi utampamba muuaji."

"Nitampamba," alisema. "Lakini yule mama atajua."

Hapo ndipo palipokuwa na ugumu. Nalongo hakusikia Kiswahili, na hakutaka kukisikia. Kwake, kama kwa Waganda wengi wakati ule, kilikuwa lugha ya vizuizi vya barabarani na ya watu wanaogonga mlango. Na Fundi hakujua Kiganda zaidi ya salamu. Mwanamume wa kaskazini, mwenye Kiswahili cha sare, akimwendea mjane asiyejua kama ni mjane: angemfungia mlango, au angepiga kelele na majirani wangekuja. Kwa hiyo alinitaka mimi niwe ulimi wake.

Tulikwenda Kasubi Jumamosi mchana, kila mtu kwa njia yake, kama wateja. Nalongo aliendelea kuifungua studio, ndiyo iliyowalisha. Picha ya Fundi na pikipiki ilikuwa imeondolewa dirishani, na nilimshukuru Mungu kwa akili za yule mwanamke. Fundi alisema anataka picha ya pasipoti. Nalongo alimketisha kwenye kigoda, mbele ya pazia lililochorwa maua, akasimama nyuma ya kamera na kujifunika kitambaa cheusi. Mimi nilisimama kando, mkoba mkononi.

Fundi alitazama moja kwa moja kwenye kamera. "Mwambie," alisema, "pikipiki ya mume wake iko kwangu. Haikufika Nairobi."

Nililisema kwa Kiganda. Kitambaa cheusi hakikutikisika.

"Mwambie walioileta ni jeshi. Mwambie nimeikagua, na wewe umeikagua kiti. Mtu aliyekuwa juu yake alitoka damu nyingi. Mwambie asiende kuuliza tena. Wanajua uso wake. Achukue watoto, aondoke."

Nilisema yote. Nilisema mpaka lile la damu, kwa sababu alikuwa amenikataza kabla hatujaondoka Katwe nisilipunguze. "Ukipunguza," aliniambia, "atasubiri."

Tulisikia kamera ikilia. Alikuwa amepiga picha. Kisha Nalongo akatoka chini ya kitambaa, uso mkavu, akaniuliza mimi, si yeye, "Huyu mtu ndiye aliyeitengeneza ile mara ya kwanza?"

"Ndiye."

"Na sasa anaitengeneza tena?"

Nilisita. Fundi aliniuliza amesema nini, nikamwambia. "Ndiyo," akajibu mwenyewe, na neno hilo alilijua kwa Kiganda.

Nalongo aliinamisha kichwa. Nje mtu aliuza mahindi ya kuchoma, akipaza sauti. Hakulia. Pembeni ya studio ile aliishi mtu ambaye wote tulijua anapeleka maneno, na kilio cha msiba kingemwambia kwamba kuna aliyejua. Alituambia turudi Jumatatu kuchukua picha. Hatukurudi, na Jumatatu studio ilikuwa imefungwa. Baadaye tulisikia kwamba alionekana Busia, mpakani na Kenya, na mapacha wake na kapu la ndizi za matoke, kama mama anayekwenda kumsalimia ndugu upande wa pili.

Nimesikia watu wakisema kwamba Fundi alipaswa kuikataa ile kazi. Wanaosema hivyo ni wadogo, au walikuwa nje ya nchi. Mimi nililo nalo la kusema ni jingine, na ni gumu zaidi. Aliifanya kazi ile kwa moyo wake wote. Nilimwona. Alipiga nyeusi, tabaka juu ya tabaka, akazisugua, akaitoa juani, akaona wimbi, akarudi mpaka kwenye chuma. Aliing'arisha kromu mpaka ukaweza kunyoa ndevu mbele yake. Nyaya hakuzigusa, zilikuwa zake na zilikuwa sawa, isipokuwa alibadilisha uzi uliochakaa kwa uzi mpya, akaupitisha kwenye nta kwa subira ile ile. "Lala," alisema. Kiti nilishona mimi. Ngozi ile ya zamani niliifukia ardhini nyuma ya karakana na kuisomea Fatiha, yeye amesimama kando yangu, anafanya ishara ya msalaba.

Kapteni alifurahi sana. Alimpiga Fundi begani. Alimwambia kwamba kuanzia sasa atakuja kufanya kazi kambini, kwa maana maofisa wenzake nao wana mashini zao, na gari litamfuata.

"Ndiyo, afande."

Gari lilikuja kweli, na halikumkuta. Alikuwa ameacha ovaroli msumarini na vifaa vyake vyote mahali pake, vimefutwa. Hakuniaga. Askari waliniuliza, nikawaambia kwa kile Kiswahili changu kirefu kwamba jirani yangu ni mtu asiyesema na watu, na kwa bahati ilikuwa kweli. Walivunja karakana, wakachukua walichotaka. Kwa muda mrefu sikujua kama alikimbia au kama walikuwapo wengine waliomkuta njiani. Nilimwombea kwa namna zote mbili.

Kapteni aliendesha ile pikipiki nyeusi mjini kwa muda, nikawa nasikia muungurumo wake na kuingia ndani. Mwishowe nikaacha kuusikia. Sijui aliishia wapi. Kuna hadithi tatu au nne, na hakuna mtu wa kuziapia.

Serikali ile ilianguka. Watu walianza kurudi kutoka Kenya na kutoka Sudan, na walioanza kurudi walianza kutafuta wafu wao. Nalongo alirudi na mapacha wakubwa, wamemzidi kimo. Mwili haukuwapo wa kuzika, wala mtu wa kuuliza. Wazee wa ukoo walikaa, wakakubaliana kuzika kigogo cha mgomba mahali pa mwili, kisha kufanya matanga ya mwisho ili mrithi asimikwe na nyumba ipumzike. Nalongo alinitumia ujumbe. Akaniomba, kama najua aliko yule mtu wa pikipiki, nimwite.

Sikujua aliko. Nilimwambia mtu wa masufuria, naye akawaambia wengine, maana Katwe habari husafiri hivyo, kutoka duka moja hadi jingine mpaka kituo cha mabasi ya kaskazini. Sikutegemea kitu.

Siku ya matanga nilimwona Fundi amesimama nje ya uzio wa Nalongo, Kasubi, upande wa barabara, kofia mkononi. Nywele zimekuwa nyeupe. Alikuwa na kikohozi kilichomkunja, na shati halikupigwa pasi. Nilitoka kumwendea. Tulisalimiana kama watu walioachana jana. Alisema alikuwa Sudan, akitengeneza pampu za maji. Pikipiki hakuzigusa tena.

"Ingia," nilimwambia.

"Hapana. Nimekuja kusimama tu." Alitazama watu waliokuwa ndani, chini ya turubai. "Mama Zuhura, ile mara ya kwanza kama ningeiacha mbaya, ya rangi ya maji machafu, huyo mtu angekuwa mzee leo. Nimefikiri sana. Ningeipaka tu rangi ya kawaida. Nani angeitamani?"

Nisingeweza kumdanganya. Nilikuwa nimejiuliza swali hilo hilo juu ya kiti changu.

Nalongo alikuwa ametuona. Alikuja, kitambaa cha gome la mti kimefungwa kiunoni juu ya gomesi yake, akapiga magoti kumsalimia kama desturi yao inavyotaka, mbele ya watu wote. Fundi alirudi nyuma hatua, kachanganyikiwa. Kisha yule mwanamke akafungua kinywa, na alichosema kilikuwa Kiswahili, cha sokoni, chenye l na r zilizobadilishana nafasi, alichokiokota miaka ile ya ukimbizi.

"Kule Kenya turikuta wanawake wengi," alisema. "Bwana zao waripotea kama wangu. Mpaka leo wanasubili. Akisikia mlango, anaamka. Mimi sikuamka. Mimi nirijua, nikarea watoto." Alinyanyuka. "Kwetu mtu akifa, razima mwingine asimame abike, aseme kwa watu kwamba furani amekufa. Wazee wameuriza nani aribika Salongo. Hakuna. Ni wewe tu. Njoo useme."

"Mimi si wa ukoo yenu, mama."

"Njoo useme," alirudia.

Alimshika mkono wa shati, akamwingiza. Watu walipisha. Wazee wa ukoo walikuwa wameketi mbele, mapacha katikati yao, kijana na msichana, wamevaa kanzu na gomesi mpya. Mzee mmoja aliuliza kwa Kiganda ni nani aliyeleta habari. Niliinuka kutafsiri, lakini Fundi alikuwa ameelewa.

Alisimama wima, mikono pembeni, kama askari anayetoa ripoti. Kikohozi kilimjia, akangoja kipite. Aliwatazama wale vijana wawili, si wazee.

"Mimi ndiye nilileta habari," alisema. "Salongo, baba yenu, amekufa. Hakukimbia. Hakuwaacha. Aliuawa njiani akirudi nyumbani."

Nilitafsiri neno kwa neno, sikupunguza. Kisha Nalongo akashika kichwa kwa mikono yote miwili, akatoa kilio, na wanawake wote wa Kasubi wakampokea.